Mifupa ya Idd na Maji ya Makina

Mimi ni mtu wa vitu vya bei nafuu. Nikisikia kitu kinatolewa bure, miguu hunipeleka kabla kichwa hakijaulizwa. Mke wangu husema siku moja nitaleta jeneza nyumbani kwa sababu limepunguzwa bei, na mpaka leo sijapata jibu la kumfunga mdomo. Kwa hiyo Idd ya kuchinja ilipofika mtaani kwetu Makina mwaka ule, na mimi nina karakana ya mifupa nyuma ya maduka, sioni ni malaika gani angeweza kunizuia.

Kazi yetu ni hii. Tunachukua mfupa wa ng'ombe, tunauosha, tunauchemsha na magadi mpaka mafuta yote yatoke, tunauanika, tunaukata, tunaupiga msasa, kisha tunaung'arisha kwenye gurudumu linalozungushwa na mota. Ukitoka pale, mfupa huwa mweupe na laini, na mtu hawezi kuamini kwamba jana ulikuwa kwenye supu. Tunatengeneza vifungo vya nguo, shanga na mipini ya vijiko. Siku hizo tulikuwa watatu: mimi, mke wangu aliyekuwa akikata na kutoboa, na fundi wa kung'arisha aliyekuwa akitembea kutoka Kisumu Ndogo kila asubuhi na redio yake ndogo mfukoni.

Wiki chache kabla ya Idd tulikuwa tumepata oda ambayo hatukuwahi kuiota. Kampuni moja ya kushona nguo kule Industrial Area ilitaka vifungo vya makoti, vingi, vyote vya saizi moja. Walitupa malipo ya kutangulia na wakasema wazi: vikifika kwa wakati watakuwa wateja wetu wa kila msimu, vikichelewa watanunua vya plastiki. Mimi na fundi tulikuwa tumetoka kwenye kazi ya mjengo, ya kubeba mawe na kungoja kuitwa asubuhi getini. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini sote tulijua kwamba oda hii ikituponyoka, tunarudi kwenye mawe.

Basi Idd ikafika. Wenyeji wa Makina huchinja na kugawa, na hawaulizi dini ya jirani. Hata sisi tuliotoka Magharibi mwa nchi na Biblia zetu tuliletewa bakuli la nyama lililofunikwa kwa kitambaa. Mimi nilikula nyama huku nikiutazama mfupa. Kesho yake nikaanza kupita nyumba kwa nyumba nikiomba mifupa. Watu walicheka, wakanipa. Nikaona haitoshi, nikaenda kwenye mabucha, nao kwa sababu walikuwa wamechinja kupita kawaida wakaniuzia kwa bei ya kutupa. Kisha mwenye mkokoteni akaniambia kuna lori linatoka machinjioni, upande wa Dagoretti, na dereva anataka tu mahali pa kumwaga mzigo. Nikatia mkono kwenye yale malipo ya kutangulia. Jioni ile nililala nikitabasamu, kwa maana nilikuwa na mali ghafi ya mwaka mzima na sikuwa nimelipa hata nusu ya bei yake.

Fundi alipokuja asubuhi hakuweza kufungua mlango. Mifupa ilikuwa imeuegemea kwa ndani. Tulisukuma pamoja, akaingiza kichwa, akatazama lile lundo lililofika dirishani, kisha akazima redio.

"Buda," akaniuliza, "hii yote tutaiosha na nini? Na mate?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kazi yake ni kung'arisha, mambo ya mali aniachie mimi. Akageuka, akaanza kutafuta mota yake chini ya mbavu za ng'ombe.

Swali lake lilikuwa sahihi. Mfupa wa bure haufanyi kazi bure. Unataka maji, na wiki ile mifereji ilikauka mtaa mzima, kama inavyofanya ikijisikia, na bei ya mtungi mmoja wa maji ikapanda. Unataka makaa ya kuchemshia, magadi, msasa, nta ya kung'arishia. Pesa za vitu hivyo zilikuwepo juzi tu. Sasa zilikuwa zimegeuka mbavu na mafuvu, na huwezi kwenda kwa muuza makaa na fuvu ukamwambia akate chenji. Nilikuwa tajiri wa mifupa nisiyekuwa na nauli ya kwenda mjini.

Siku ya tatu ikaanza kunuka.

Sijui nieleze vipi harufu ile kwa mtu ambaye hakuwepo. Ilianza kama nyama iliyosahaulika, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa, ikawafuata watu madukani. Nzi walikuja kwa wingi mpaka mke wangu akawa anakula akiwa amejifunika leso usoni. Fundi alijifunga kitambaa puani akaendelea kung'arisha vifungo vichache tulivyokuwa navyo, bila kunitazama. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya naangalia simu.

Mbele ya karakana yetu palikuwa na kibanda cha maji cha mama mmoja mzee, mwenyeji wa Makina tangu kuzaliwa, ambaye watoto wote wa mtaa walimwita haboba, yaani nyanya. Alikuwa na tangi kubwa, lenye maji hata mifereji ikikauka, na kando ya tangi alikaanga mandazi. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache, na mimi kusema kweli nilikuwa namwogopa. Siku ya nne wateja wake wa mandazi walipita wakiwa wameziba pua, hakuna aliyesimama. Baada ya swala ya alasiri aliinuka, akajitanda vizuri, akaja mlangoni kwangu na wanawake wengine watatu nyuma yake.

"Hawa ni wanyama wetu wa Idd," akasema. "Tuliwachinja kwa jina la Mungu. Wewe umewaweka hapa waoze?"

Nilianza kujitetea. Nikazungumzia oda, kampuni, vifungo, mifereji. Nilizungumza sana kwa sababu nilidhani amekuja kunifukuza, na nilijua akisema neno moja tu kwa mwenye nyumba tutakuwa njiani na mota yetu kabla ya giza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kwa hiyo huna maji," akasema.

"Sina pesa za maji, mama."

"Sijakuuliza pesa."

Akageuka, akawaambia wale wanawake wamwite mtoto wa jirani aje na mpira wa maji. Nilipoelewa kinachotokea nilianza kumshukuru, nikamwahidi nitamlipa kila tone. Akanyoosha mkono kunikata.

"Usinishukuru. Sikukopeshi wewe. Nazikopesha pua zetu."

Wale wanawake wakaangua kicheko, na hata fundi nyuma ya kitambaa chake nikamsikia akicheka. Nilicheka pia, kwa ahueni, mpaka machozi yakanitoka, na baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kicheko. Nimewahi kukopa kwa ndugu, kwa chama, kwa watu wa simu. Sijawahi kukopeshwa kwa moyo mweupe kama ule wa mtu aliyekuwa amechoshwa nami.

Lakini alikuwa na sharti lake. Hakuna mfupa mpya utakaopita pale mpaka ile ya ndani itoke ikiwa kazi iliyokwisha. Na akalisimamia. Alihamisha kiti chake kutoka kibandani akakiweka karibu na mlango wetu, akawa anauza maji na mandazi akiwa ameketi pale. Siku moja mwenye mkokoteni alileta magunia mawili ambayo nilikuwa nimeyaagiza kabla na kuyasahau. Haboba alinyoosha mguu tu mbele ya gurudumu.

"Rudisha," akamwambia.

"Mama, yeye ndiye ameagiza."

"Na mimi ndiye ninayenusa."

Mkokoteni ukarudi.

Tulianza kuosha. Ndipo fundi, ambaye sasa alikuwa ameanza tena kuzungumza nami, aliponionyesha jambo lingine ambalo macho yangu ya bei nafuu hayakuwa yameliona. Kifungo cha koti hukatwa kwenye mfupa mnene wa mguu. Mbavu ni nyembamba, uti wa mgongo una mashimo, fuvu ni la kumtishia mtoto tu. Tulichambua lundo lote, na sehemu kubwa ya utajiri wangu haikuwa na kazi. Tulimwita mtu anayenunua mifupa ya kusagia chakula cha kuku, akabeba mbavu na mafuvu yote kwa bei ambayo ningeona aibu kuitaja, lakini zilikuwa pesa za kushika mkononi. Kwa pesa hizo tulinunua makaa na msasa siku hiyo hiyo. Chumba kikapata nafasi ya mtu kugeuka. Mke wangu akavua leso usoni.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Tulichemsha nje kwenye pipa, tukaanika juu ya mabati, tukakata, tukatoboa. Sauti ya mota ilikuwa haikomi mchana kutwa, na redio ya fundi ikarudi. Vifungo vilifika Industrial Area kwa wakati. Nakumbuka nilivyotoka pale getini nikiwa na gunia tupu, nikasimama kando ya barabara nikamshukuru Mungu kwa sauti, mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Bado hatukuwa tumelipwa. Tulikuja kujua kwamba kazi ikishakwisha na kupelekwa, pesa yake inakuwa bado njiani, na mwezi wa ofisi ni mrefu kuliko mwezi wa mwenye kodi ya nyumba. Wakati wote huo haboba hakuniuliza habari ya maji yake hata siku moja. Nilikuwa napita mbele ya kibanda nikiwa nimeinamisha uso, naye ananiita: "Kijana, salamu huna?" Nikisimama kueleza kuhusu malipo ananikatiza na kunipa andazi. Pesa zilipoingia, kabla ya kodi na kabla ya fundi, nilikwenda kwake. Alizipokea, akazitia chini ya mkeka bila kuzihesabu, akanusa hewa.

"Hakunuki," akasema. "Basi kaeni."

Kutoka siku ile tulifanya kazi kwa sharti lake hata baada ya yeye kurudisha kiti chake kibandani. Tulinunua mifupa ya miguu peke yake, na ile tu tuliyoweza kuosha na kuchemsha kabla haijaanza kuzungumza. Watu wa biashara wana majina makubwa ya jambo hili, na mara moja nilialikwa kwenye semina ambapo kijana mwenye tai alilichora ubaoni kwa mishale inayozunguka: pesa inakuwa mali ghafi, mali ghafi inakuwa bidhaa, bidhaa inakuwa deni la mteja, deni linarudi kuwa pesa. Alieleza vizuri sana, nilimpigia makofi kwa dhati. Mimi nilikuwa nimeufahamu mzunguko huo kwa pua. Mwaka uliofuata hatukuuza vifungo vingi zaidi, lakini kilichobaki mkononi kilikuwa kingi zaidi, kwa sababu hapakuwa na kilichooza, na hapakuwa na siku ya kukimbilia mikopo ya simu kununua makaa. Tulimwongezea fundi mshahara. Mke wangu akanunua mashine nzuri ya kutobolea.

Tukapata nguvu ya kuhama. Kawangware, mzee mmoja mwenye ploti, mwenyeji wa huko tangu ikiwa mashamba, alitukodisha banda lenye uwanja wa kuanikia, na kutoka hapo machinjioni si mbali. Siku ya kuhama haboba alitazama mota ikipakiwa kwenye mkokoteni, akasema sasa atauza mandazi kwa raha. Lakini alichukua namba yangu ya simu, akamwambia mjukuu wake aiandike vizuri.

Alikuwa anapiga mara kwa mara, mazungumzo mafupi. Mko salama? Mnaosha? Haya.

Mwaka jana ile kampuni ya makoti iliongeza oda mara dufu. Tulishangilia, na hatukuchelewa hata kidogo. Malipo ndiyo yaliyochelewa. Kila nikipiga simu naambiwa cheki iko process, yaani bado inashughulikiwa. Oda ilipokuwa ndogo tungeweza kungoja. Sasa jasho letu lote la msimu mzima lilikuwa limekaa kwenye faili ya mtu mwingine. Mzee wa ploti alianza kupita uwanjani akikohoa. Fundi, ambaye ana watoto watatu shuleni, hakudai, na kunyamaza kwake kulinichoma zaidi kuliko angedai. Nikatafuta mtu wa kununua mota. Tukishauza mota hatutakuwa karakana tena, tutakuwa watu watatu na mifupa, lakini sikuona njia nyingine. Mnunuzi akasema atakuja Jumatano mchana kuiona.

Jumanne haboba alipiga simu. Akauliza kama tuko salama. Nilikuwa nimechoka, nikajibu bila kufikiri: "Tumekwama kidogo, mama." Akasema haya, akakata.

Jumatano asubuhi, nikijiandaa kwenda machinjioni kuchukua mifupa ya wiki, pikipiki ilisimama nje. Haboba alikuwa amekaa nyuma ya dereva, amejishikilia kwa nguvu, na kila upande wa pikipiki umefungwa mtungi wa maji kwa kamba ya mpira. Alikuwa ametoka nao Makina mpaka Kawangware.

Mke wangu alikimbia kumshusha. Mimi nilisimama tu.

"Ulisema mmekwama," akasema, akijinyoosha kiuno. Akanusa upande huu, akanusa upande ule. "Lakini hakunuki. Mmefunga?"

Mwanamke yule alikuwa amevuka nusu ya mji na maji kwa sababu kwake mimi kukwama kulikuwa na maana moja, na dawa yake alikuwa nayo kwenye tangi. Nilimketisha kivulini nikamweleza yote: kwamba safari hii maji yapo, mifupa ni kiasi, ila kuna watu mjini wamekalia pesa yetu, na leo mota inauzwa.

"Umewaendea?"

"Nimewapigia simu."

"Mimi nilikupigia simu?" akauliza. "Wewe uliponuka, mimi si nilikuja nikakaa mlangoni?"

Nilikwenda machinjioni kwa sababu mifupa ya wiki ilikuwa imeshalipiwa, kisha nikaenda moja kwa moja Industrial Area, kwa kuwa sikuwa na nauli ya kupitia nyumbani kwanza. Niapishwe kwa kitabu chochote, sikupanga. Niliingia mapokezi na gunia langu la mifupa mibichi, nikaliweka katikati ya miguu, nikamwambia binti wa pale kwamba nimekuja kungoja cheki. Akasema iko process. Nikasema nitaingoja ikitoka process. Nikakaa.

Lilikuwa ni jua kali na gunia lilikuwa bichi. Baada ya muda yule binti alifungua dirisha. Kisha akafungua la pili. Wageni wawili waliokuwa wamekaa kando yangu wakakumbuka kwamba wana simu za kupiga nje.

"Sir, samahani," akaniuliza, "hiyo ni nini hapo ndani?"

"Vifungo vyenu," nikamjibu. "Vya msimu ujao."

Mhasibu mwenyewe alishuka ngazi, amejiziba pua kwa tai. Hatukugombana. Aliuliza jina la karakana, akapanda, akashuka na cheki mkononi, akanikabidhi akiwa amesimama mbali kadiri mkono wake ulivyoweza kufika. Nilimshukuru. Yeye pia naamini alishukuru.

Niliporudi Kawangware jua lilikuwa linaelekea Dagoretti. Mota ilikuwa mahali pake, na fundi alikuwa anaitumia. Mnunuzi alikuwa amekuja, mke wangu akaniambia, akamkuta haboba ameketi mlangoni kwenye kiti chetu cha plastiki.

"Nilimwambia hapa vinauzwa vifungo," haboba akasema. "Akataka kupita. Nikanyoosha mguu."

Hakuniuliza kama nimelipwa. Alininusa tu nilipoinama kumsalimu, akakunja uso, akacheka mpaka bega likatikisika. "Umekaa mlangoni kweli," akasema.

Nilimwambia asante. Nilimwambia vizuri, kwa maneno yote niliyokuwa nimekatazwa kuyasema kule Makina, na safari hii hakunyoosha mkono kunikata. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama tunakusudia kuliacha lile gunia lioze.

Mtungi mmoja mke wangu alikuwa ameupunguza kwa chai, na tulikunywa sote. Mtungi wa pili tuliufungua uwanjani, na mifupa ya wiki ile tuliiosha kwa maji ya Makina.